Mrututu kwenye tenki: konokono wanakufa, halafu?

Hapa Kigoma sisi tunaofuga samaki wa urembo tuna ubishi usioisha. Konokono wakijaa kwenye tenki, uwamwagie mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu, yaishe au uwapunguze kidogo kidogo? Wa kidogo kidogo huwa wanachekwa, wanaitwa wavivu, mara waoga. Mi naona ndo hawajaeleweka.

Watu wa mrututu wana hoja lakini. Shaba inaua konokono kweli, bei yake ya kawaida tu na humalizi usiku macho kwenye kioo. Tena wanakwambia "mbona niliweka na samaki hawakufa siku ile?" na hapo hawadanganyi, maana maji yetu ya ziwa yana pH (kipimo cha uasidi wa maji, 7 ndo katikati) inayokaribia 9 na kaboneti nyingi, shaba nyingi inanaswa humo inatua chini, haing'ati kama kwenye maji laini ya mvua. Ila ikipoa kwa samaki imepoa kwa konokono pia, kwahiyo mtu anaona hawafi anaongeza, anaona hawafi anaongeza tena. Na samaki wasio na magamba, hao jamii ya gogogo, wanaumia kabla ya wengine wote.

Haya tuseme konokono wamekufa. Wako wapi? Wale warefu wenye ncha kama skrubu mchana wanajizika mchangani, ukiwaua wanabaki hukohuko, huwezi kuwaokota, wanaoza na kuoza kunaleta amonia. Sasa hapa ndo watu wengi wanapita haraka na mimi sipiti. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1. Ikiwa pH 8 ni kama asilimia 5. Ikifika 9 ni zaidi ya asilimia 35! Uozo uleule, konokono walewale, ila kwa maji yetu sumu ni mara sitini ya tenki la mtu mwenye pH 7. Yaani maji yaleyale yaliyokuokoa na shaba siku ya kwanza ndo yanakumaliza siku ya tatu, na siku ya tatu mtu hakumbuki mrututu, anasema samaki wamepata ugonjwa.

Nimeliona kwa jamaa yangu wa mtaa wa Mwanga. Jioni maji yameanza ukungu kama yaliyooshewa mchele, ukisogea harufu, na samaki wake wa ziwani aina ya Tropheus wote wako juu kabisa midomo inapiga hewa. Tulibadilisha nusu ya maji usiku uleule, asubuhi walibaki wawili.

Kuna wanaosema hofu yao ni kichocho. Si hofu ya kipuuzi, konokono wa kichocho wapo mwambao huu. Ila mzunguko wake unahitaji mkojo au kinyesi cha mtu kiingie majini, kwenye tenki lako hauendelei. Hatari ni yule uliyemleta juzi na majani ya ufukweni, basi usilete majani ya ufukweni.

Samaki wanaokula konokono nao wapo humuhumu ziwani, mfano Neolamprologus tretocephalus ana meno ya kooni ya kuvunjia makombe ya konokono, ila ni mkorofi, ukimtia na samaki wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu umebadilisha tatizo tu. Kwa tenki tupu lisilo na samaki mi mrututu siupingi, ilimradi maji yake usiyarudishe ziwani na mchanga usuuzwe sana.

Kwa tenki lenye samaki dawa ni chakula. Konokono mia mbili ni chakula ulichomwaga wewe kikabaki, ukikipunguza hawana cha kuzalia. Mayai yale ya utelezi kioo unayakwangua kwa kadi ya benki iliyoisha muda. Halafu usiku unawatega kwa jani la spinachi lililochemshwa kidogo, limefungiwa kijiwe lisielee. Yule jamaa wa Mwanga sa hivi analitoa saa kumi na moja alfajiri kabla hawajarudi mchangani, siku za kwanza jani lilikuwa halionekani kwa konokono, wiki ya tatu akawa anahesabu kumi, kumi na mbili. Anawaponda anawapa kuku.