Amplifaya Iliyonukia Dagaa

Amplifaya ile niliichora mwenyewe kwa penseli katika banda langu la ufundi pale Kirumba, Mwanza, na kwa miezi minne sikuwa na mazungumzo mengine. Nilitaka wati 1,000 kila upande kwenye spika za omu 4, jambo ambalo ukilipigia hesabu linadai volti 63 za kutoa, zenye kilele cha karibu volti 90. Kwa hiyo niliagiza nisukiwe transfoma ya volti 67 kwa 67, ambayo baada ya dayodi na kapasita ilinipa volti 95 chanya na volti 95 hasi. Transista za kutoa sauti zilikuwa jozi 10 kila upande, zimefungwa kwenye mabati mazito ya aluminiamu, na mbele yake feni mbili za kuvuta hewa. Mke wangu alikuwa akiniuliza habari za ada ya shule, nami namjibu kwa volti.

Lakini kitu nilichojivunia kuliko vyote kilikuwa rezista mbili tu, vile vipande vinavyobana umeme na kuugeuza joto. Kapasita kubwa hubaki na umeme hata swichi ikishazimwa, na volti 190 kutoka ncha hadi ncha hazimpigii fundi hodi. Ili kapasita zijimwage zenyewe, upande wa chanya na upande wa hasi niliweka kila mmoja rezista ya saruji ya omu 1,000 yenye uwezo wa wati 10. Hesabu ilionyesha kwamba ingekula wati 9 muda wote amplifaya ikiwa imewashwa, nikajipongeza kwa kubakiza wati nzima ya akiba, ingawa kwa mzigo huo rezista hupata moto kiasi kwamba tone la maji likiidondokea hulia chwii na kutoweka. Nikazipanga nyuma tu ya feni, zipate upepo. Kisha, kwa kuwa urembo nao ni sehemu ya ufundi, nikazizungushia feni taa ndogo za buluu.

Harusi ya kwanza tuliyoitwa ilikuwa Luchelele, kwenye uwanja unaotazama maji. Ulikuwa mwezi mchanga, na mtu yeyote aliyekulia kando ya ziwa anajua kwamba wakati huo ndipo wadudu wadogo huibuka majini kwa mamilioni, wakapanda angani kama moshi wa jiko la kuni, kisha wakatafuta taa. Mimi nimekulia hapa hapa. Nilijua.

Kiza kilipoingia, wakaziona taa zangu za buluu, na feni haikuuliza kadi ya mwaliko. Iliwavuta wote, ikawabwaga juu ya rezista, na hewa ya moto ikatokea nyuma ya sanduku, upande wa meza ya wazee, ikiwa na harufu nzito ya dagaa wa kukaanga.

Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi aliinua pua, akanusa kwa makini, akanigeukia.

"Fundi, kumbe na dagaa wapo?"

"Shikamoo babu. Sijui mambo ya jikoni, mimi ni wa muziki."

"Marahaba. Basi wameiva hao."

Habari ikatembea kuliko sauti ya spika. Mshereheshaji, ambaye naye alikuwa hajala tangu asubuhi, akatangaza kwamba wageni wajiandae kwa chakula, foleni ikajipanga, na mama mkubwa wa bwana harusi akaenda jikoni kuwahoji wapishi, waliokuwa na pilau na mbuzi tu, ni nani aliyeagiza dagaa na wamefichwa wapi. Wapishi wakaapa. Hakuna aliyewaamini, kwa sababu harufu ilikuwa inazidi.

Wakati huo wadudu walikuwa wameziba mabati ya kupoozea na feni moja ilikuwa imekwama kabisa. Bibi harusi akafika mlangoni, wimbo wake ukaanza, na swichi ya joto niliyoiweka ikate kwenye nyuzi 85 ikafanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa. Kimya. Katika kimya hicho sauti ya mama mkubwa ikasikika hadi majini: "Toeni dagaa!"

Nilichomoa waya, nikasubiri kapasita zijimwage, nikafungua mfuniko mbele ya kamati nzima. Rezista hazikuonekana, palikuwa na tabaka mbili za kahawia, zimekauka vizuri pembeni, katikati bado laini. Mzee yule akapenya, akabana kidogo kwa vidole viwili, akatafuna huku akiangalia mbali.

"Chumvi tu ndiyo imepungua, mjukuu wangu."

Nilisafisha kwa mswaki, nikang'oa taa za buluu, na wiki iliyofuata nikahamisha rezista na kuweka wavu mbele ya feni. Baada ya mwezi mzee alinipigia simu, wana shughuli ya familia na anataka amplifaya. Nilimweleza kwa furaha kwamba nimeshaitengeneza, haitanuka tena. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama siwezi kuirudisha ilivyokuwa.