Judo nje ya mkeka

Desemba 1963, mjini Salt Lake City nchini Marekani, mwanajudo Gene LeBell alipanda ulingoni kupambana na bondia Milo Savage. Chanzo kilikuwa makala ya jarida iliyodai kwamba bondia angemshinda mcheza judo bila shida. Raundi ya 4 LeBell alimwangusha Savage, akampiga kabali mpaka akazimia. Wapenzi wa judo wamekitumia kisa hicho tangu hapo kama ushahidi usiopingika. Ila kipo kitu ambacho wengi hukiruka wanapokisimulia: Savage alipigana akiwa amevaa koti la mazoezi, lenye ukosi na mikono ya kushikwa. Angekuwa kifua wazi, kama bondia alivyozoea, LeBell angeshika nini?

Hapo ndipo ubishi kuhusu judo na kujilinda ulipo hadi leo. Wanaoishuku wana hoja nzito, na mimi niliyeipenda judo kwa miaka mingi sioni sababu ya kuzificha.

Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan, Tokyo, mwaka 1882, alichukua mbinu za jujutsu, sanaa ya zamani ya mapigano ya Kijapani, na kuzichuja. Ngumi, mateke na mapigo mengine ya kuumiza hakuyafuta, lakini aliyaacha kwenye kata, yaani mazoezi yaliyopangwa ambapo kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Kwenye randori, pambano huru la mazoezi, zikabaki kuangusha, kubana, kukaba na kukunja viungo. Matokeo yake ni kwamba mwanajudo anaweza kufika mkanda mweusi bila kurushiwa ngumi ya uso hata siku moja. Mikono yake imezoea kwenda mbele kutafuta ukosi, na kidevu kiko wazi.

Mashindano nayo yamechangia. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, na kanuni zimeendelea kubana. Tangu 2010 kushika miguu kulianza kuadhibiwa vikali, baadaye kukapigwa marufuku kabisa, hivyo vijana wengi wa leo hawajui kujikinga na mtu anayewarukia magotini. Vilevile wapo wanaojikunja kifudifudi wakingoja refa asimamishe pambano. Mtaani hakuna refa, na kichwa kilicho chini hupigwa mateke. Kumbana mpinzani chali kwa sekunde 20 ni ushindi mkekani. Penye wavamizi wawili, sekunde hizo ni za kumpa wa pili nafasi ya kukufikia mgongoni.

Kuhusu kisu na bastola, Kodokan iliandaa kata maalumu ya kujilinda mwaka 1956. Ni kazi nzuri kama somo. Kumwaminisha mtu kwamba imemwandaa kukabili kisu halisi ni hatari, maana anayeshika kisu kwenye kata anangoja kunyang'anywa.

Ipo pia ile sifa ya kwamba katika judo mdogo humwangusha mkubwa. Mwaka 1964, Tokyo kwenyewe, Anton Geesink wa Uholanzi, jitu la karibu mita 2, alimshinda Akio Kaminaga na kutwaa dhahabu ya uzito wa wazi, usio na kikomo cha kilo, mbele ya Wajapani waliokuja kumshangilia mtu wao. Ufundi unapunguza pengo la uzito. Haulifuti, na anayemwambia mtu mwembamba kwamba litafutika anamweka hatarini.

Pamoja na yote hayo, naamini judo inasaidia kuliko wapinzani wake wanavyokubali, na sababu ni uamuzi uleule wa Kano unaolaumiwa. Kwa kuondoa mapigo ya kulemaza, aliwapa wanafunzi nafasi ya kushindana kwa nguvu zote, kila wiki, bila kuvunjana. Mchukue mtu aliyefundishwa kutoboa macho, mbinu ambayo hawezi kuijaribu kwa mwenzake hata mara moja. Umweke kando ya aliyepiga mtama mara elfu kwa watu waliokuwa wakikataa kuanguka. Akishikwa ghafla na kusukumwa ukutani, wa pili ameshafika hapo. Anaujua uzito wa mtu mwenye hasira ukimwelemea, na anaendelea kupumua. Ugomvi ukishakaribiana, mara nyingi huishia kushikana, na hapo ndipo nyumbani kwa mwanajudo. Koti na jaketi ni zawadi kwake. Fulana itachanika, lakini shingo na kiuno vipo kila siku.

Nguvu hiyo ina upande wa kutisha. Mkekani anayerushwa anajua kuanguka, na anayerusha humshikia mkono kumpunguzia kishindo. Kwenye zege, seoi nage ileile, yaani kumrusha mtu kwa kumpitisha juu ya bega, inaweza kumpasua kichwa. Kabali iliyokaa sawasawa huzimisha kwa sekunde chache, na asiyeachia kwa wakati anaweza kuua. Sheria za nchi nyingi hudai nguvu unayotumia ilingane na hatari iliyokukabili. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kurusha bila kufundisha kumlaza mtu taratibu na kumbana amefundisha nusu ya kazi.

Lakini tunu kubwa kuliko zote haimhusu mvamizi kabisa. Somo la kwanza la judo ni ukemi, kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umeviringwa, mkono ukiupiga mkeka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka. Wengi wetu hatutavamiwa na mtu, ila sote tutateleza. Hata kwenye ugomvi, mara nyingi ngumi moja huua kwa sababu aliyepigwa alianguka kisogo kikatangulia. Kuupiga mkono kwenye zege kutauumiza, sawa. Kidevu kilichozoea kwenda kifuani kitakiokoa kisogo.

Anayetaka judo kwa ajili ya kujilinda aitembelee klabu jioni moja na kutazama kabla ya kulipa. Je, randori ipo kila kipindi, au ni kurushana kwa makubaliano tu? Je, kuna siku wanavua makoti na kufanya mazoezi kwa fulana? Mmoja akivaa glavu na kumrushia mwenzake ngumi nyepesi anapotafuta pa kushika, mwalimu anaona ni upuuzi au anaona ni somo? Na mtu akiangushwa, anafundishwa kuinuka haraka na kuondoka, au anabaki hapo akingoja kuhesabiwa pointi?