Askofu Strossmayer: mchungaji aliyeongoza chama

Kanisa kuu la Đakovo, mashariki mwa Kroatia, ni la matofali mekundu, na minara yake miwili huonekana kutoka mbali kwenye tambarare za Slavonia. Lilijengwa kati ya 1866 na 1882. Askofu Mkatoliki aliyelijenga, Josip Juraj Strossmayer, aliandikisha humo kwamba analitoa kwa utukufu wa Mungu, kwa umoja wa makanisa, na kwa mapatano na upendo wa watu wake. Mungu na taifa, pumzi moja. Ubishi wote juu ya mtu huyu umeanzia hapo.

Wanaosema askofu hakupaswa kuongoza chama wana hoja nzito. Alipewa jimbo mwaka 1849 ili achunge waumini, lakini katika miaka ya 1860 akawa kinara wa Chama cha Taifa, hadi alipojitoa mwaka 1873. Muumini anayempinga kiongozi kama huyo kwenye siasa anajikuta anampinga baba yake wa kiroho. Isitoshe, fedha alizotumia zilitoka kwenye mashamba na misitu ya jimbo, mali ya kanisa.

Lakini nani mwingine angeweza? Wakroatia walitawaliwa na mfalme aliyekaa Vienna, na kuanzia 1868 mkataba ukawafunga kwa Hungaria. Strossmayer alikuwa na kiti bungeni kwa cheo chake, na alikuwa na mapato. Mwaka 1860 alitoa forinti 50,000 ili ianzishwe akademia ya sayansi na sanaa. Ikazaliwa Zagreb mwaka 1866, na rais wake wa kwanza akawa rafiki yake, padri na mwanahistoria Franjo Rački. Chuo kikuu alichokipigania kikafunguliwa 1874, yeye akiwa ameshaacha uongozi wa chama. Picha za sanaa alizokusanya kwa miaka mingi akazitoa kwa taifa, na jumba la kuzionyesha likafunguliwa 1884. Kwangu mimi, hapa mizani inalalia upande wake: mapato yale yangeweza kuliwa kimyakimya ndani ya kasri la askofu, na hakuna ambaye angeuliza.

Alipokwama ni kwenye ndoto yake ya kuwaunganisha Waslavi wa Kusini, yaani Wakroatia, Waserbia na jamaa zao. Mwanasiasa Ante Starčević na wafuasi wake walishikilia kwamba Wakroatia ni taifa linalojitosheleza. Kwa upande wa pili, Waorthodoksi wa Serbia waliposikia maneno "umoja wa makanisa" kinywani mwa askofu Mkatoliki, wengi walihisi watamezwa. Joho lililompa nguvu nyumbani ndilo lililomfungia mlango kwa jirani, na sidhani kama aliwahi kulielewa hilo kikamilifu.

Hata hivyo, kumwita mtumwa wa Roma ni kumwonea. Tarehe 22 Machi 1870, kwenye Mtaguso wa Kwanza wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, aliwatetea Waprotestanti mpaka maaskofu wenzake wakamzomea ashuke. Alipinga pia fundisho la kwamba Papa hawezi kukosea, ingawa baadaye alilikubali. Wala Vienna haikumweka mfukoni: mwaka 1888 alituma telegramu ya pongezi Kiev, kwa miaka 900 ya ubatizo wa Warusi, na Kaisari Franz Joseph akamkaripia ana kwa ana mjini Bjelovar.

Mwaka 1991 akademia yake iliacha jina la Yugoslavia, yaani la Waslavi wa Kusini, ikaitwa ya Kroatia. Sanamu yake, kazi ya Ivan Meštrović, haikuondolewa. Bado imekaa nyuma ya jengo lile lile.