Si kila tunguu la mlimani ni kitunguu

Novemba, kabla mvua haijashika, mpwa wangu alishuka kutoka milima ya Kiboriani kule Mpwapwa akiwa amebeba tunguu kubwa kuliko ngumi zangu mbili. "Shikamoo mjomba. Nimekuletea kitunguu pori." Nikalikata palepale kibarazani. Halikunuka kitunguu hata kidogo, na utomvu ukaniwasha mkono hadi jioni. Nikamuuliza alilikuta na ua gani. Akasema fimbo ndefu kumzidi yeye, imejaa maua meupe, chini hakuna hata jani.

Mmea huo wataalamu wa mimea huuita Drimia altissima. Huchanua wakati wa kiangazi, majani hufuata mvua. Tunguu lake lina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Tulilifukia mbali na zizi la mbuzi.

Mimi nalilaumu jina. Ukishasema "kitunguu", mtu anawaza sufuria, na mtoto hana sababu ya kuogopa. Huku kwetu jina hilo hilo hubebeshwa mimea chungu nzima isiyo na undugu na kitunguu cha sokoni.

Anza na pua. Ponda jani au kata tunguu: kitunguu halisi hutoa harufu kali ya salfa papo hapo. Kisiponuka, kiache. Ila nawa mikono kabla ya kupima cha pili, maana harufu ya cha kwanza hubaki vidoleni na kukudanganya.

Kisha ua. Maua ya kitunguu hutoka mahali pamoja kwenye ncha ya shina, kama mbavu za mwavuli. Ya Drimia hupangana kando ya fimbo kuelekea juu. Lakini mwavuli peke yake hautoshi! Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la mviringo kama mpira, nalo lina mwavuli, na lina sumu. Harufu na ua viende pamoja.

Hata kwenye milima ya Marekani, kunakoota kitunguu pori halisi kiitwacho Allium cernuum, ambacho maua yake huinamia chini, kuna mmea wa sumu unaofanana nacho kwa majani na tunguu. Nao hauna harufu ya kitunguu.

Kwa hiyo nasema wazi: tunguu ambalo hujaliona ua lake lisiingie jikoni. Mpwa wangu sasa hupanda Kiboriani na simu tu. Ananiletea picha ya ua, ya jani, na ya mahali mmea ulipoota. Tunguu analiacha ardhini.