Saa ya Fundi wa Magari Inahesabiwaje?

Kijana akitamka nyumbani kwamba anataka kuingia katika kazi za magari, maswali anayoulizwa huwa mawili: kazi hiyo inalipa kiasi gani, na mwili wake utaihimili? Ni maswali ya haki, lakini lipo la tatu ambalo ningependa aende nalo mwenyewe siku ya kuomba kazi: katika gereji hii, saa ya fundi inahesabiwaje? Kwa maoni yangu jibu la swali hilo ndilo linaloamua, kuliko mshahara wa kuanzia na kuliko ukubwa wa jina la kampuni, kama baada ya miaka kumi atakuwa fundi au atakuwa mbadilisha vipuri mwenye ovaroli nzuri.

Nieleze jinsi hesabu hiyo inavyokwenda. Katika kampuni nyingi zinazouza magari mapya na kuyahudumia, hasa Marekani, fundi halipwi kwa saa alizokaa kazini, bali kwa saa zilizoandikwa kwenye mwongozo wa kazi. Mwongozo ukisema kwamba kubadilisha pampu ya maji ya gari fulani ni kazi ya saa 3, fundi aliyeimaliza kwa saa 2 atalipwa saa 3, na aliyekwama kwenye bolti iliyoshika kutu akaimaliza kwa saa 5 atalipwa saa 3 vilevile. Mfumo huu una uzuri wake, kwa sababu mwenye mkono mwepesi na vifaa vilivyopangwa vizuri hupata zaidi ya mwenzake, na mteja huijua gharama yake kabla gari halijaguswa. Kasoro yake ni kwamba unaipima vizuri kazi ya mikono na kuipima vibaya sana kazi ya kufikiri, ilhali katika gari la leo kufikiri ndiko kunakobeba uzito mkubwa wa kazi.

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta imeshaimaliza kazi hiyo ya kufikiri. Tangu magari ya mwaka 1996 Marekani, na magari mapya ya petroli ya mwaka 2001 katika Umoja wa Ulaya, kila gari linatakiwa na sheria kuwa na mfumo wa kujichunguza na soketi ya kuchomekea mashine ya kusomea hitilafu. Mashine huchomekwa, msimbo wa hitilafu huonekana, na mteja aliyesimama pembeni huamini kwamba gari limekwisha kujieleza. Lakini msimbo hutaja dalili, na mara chache sana hutaja chanzo. Chukua P0171, msimbo unaojulikana katika karibu kila gereji, ambao maana yake ni kwamba upande mmoja wa injini unapata mafuta kidogo kuliko hewa inayoingia. Fundi mwenye haraka hubadilisha sensa ya oksijeni, yaani kifaa kinachoipimia kompyuta oksijeni iliyobaki kwenye moshi wa injini, kwa kuwa ndiyo iliyotoa taarifa, ingawa sensa hiyo huenda ilisema kweli tupu. Fundi aliyefundwa hutazama kwanza ni asilimia ngapi ya mafuta kompyuta inajaribu kuongeza injini ikiwa inanguruma polepole, kisha hukanyaga mafuta hadi mizunguko kama 2,500 kwa dakika na kutazama tena. Asilimia ikishuka sana, anajua atafute mpira wa hewa uliopasuka au gasketi inayovuja baada ya sensa ya kupima hewa, kwa sababu tundu dogo huonekana kubwa hewa inapokuwa chache, na hufifia injini inapovuta hewa nyingi. Asilimia ikizidi kupanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, macho yake huhamia kwenye pampu ya mafuta, chujio lililoziba, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Hapo fundi hajalegeza hata nati moja, lakini ameshafanya sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Sasa rudi kwenye hesabu ya saa. Kubadilisha mpira wa hewa kunaweza kuandikwa kuwa kazi ya dakika chache tu, na uchunguzi uliomfikisha pale, hasa gari likiwa ndani ya muda wa waranti, mara nyingi hulipwa kidogo au haulipwi kabisa. Anayebadilisha sensa tatu kwa kubahatisha anaweza kuondoka na saa nyingi kuliko aliyeipata kasoro mara ya kwanza. La kuumiza zaidi ni kwamba fundi mwenye akili kuliko wote ndiye anayepelekewa magari yaliyowashinda wengine, yale ambayo umeme wake hukatika siku moja na kurudi siku mbili, huku wenzake wakimaliza breki na oili na kujaza saa zao. Tunawaadhibu watu kwa umahiri wao, halafu tunashangaa kwamba mafundi wazuri wanaiacha kazi.

Wenye gereji hujibu kwamba mteja hakubali kulipia uchunguzi. Jibu hilo silikubali. Mteja huo uchunguzi anaulipia siku zote, ila pasipo mpangilio anaulipia kwa sura ya kipuri ambacho hakikuwa na kosa, pamoja na safari ya pili ya kurudisha gari lenye ugonjwa uleule. Kinachokosekana ni mtu wa kumweleza hivyo kabla.

Mtu huyo yupo, na kazi yake ni moja ya zile zisizothaminiwa vya kutosha katika fani hii. Ni yule anayepokea magari dirishani. Akiandika kwenye karatasi ya kazi kwamba "gari linatetemeka", amempa fundi kazi ya nusu siku. Akiuliza vizuri na kuandika kwamba linatetemeka asubuhi likiwa baridi, kwa dakika tano za kwanza, na huacha likishika mwendo, amempunguzia nusu ya njia. Kwa kijana anayependa magari na anayejua kusikiliza watu, lakini asiyetaka kushinda chini ya chesisi, hiyo ni kazi ya heshima. Hali kadhalika kazi ya stoo ya vipuri, ambako mtu anapaswa kuisoma namba ya chesisi, ambayo kwa magari ya Marekani tangu mwaka 1981 ina herufi na tarakimu 17, na kujua ni breki zipi hasa zilizofungwa kwenye gari hilo, kwani magari mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kuwa na breki tofauti. Kuhusu upande wa mauzo nitasema moja tu: anayeishi kwa kamisheni aulize kama mteja wake akirudi kununua gari la pili, mauzo hayo nayo yatahesabiwa kuwa yake, kwa kuwa swali hilo ni lilelile la saa ya fundi katika nguo nyingine.

Kwa anayechagua spana, basi, ningemshauri asome umeme kabla ya kitu kingine chochote: ajue volti inavyopotea kwenye waya uliooza kwa ndani huku ukionekana mzima kwa nje, na awe msomaji wa michoro ya saketi. Ajue pia kwamba kusoma hakuishi. Marekani, cheti cha ufundi cha ASE, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1972, huhitaji kuhuishwa kila baada ya miaka 5, na naona ni sawa kabisa.

Magari ya umeme yanalifanya swali langu kuwa zito zaidi. Betri zake huendesha mfumo wa volti 400 hivi, na mengine ya sasa 800, kupitia nyaya za rangi ya chungwa ambazo haziguswi hovyo. Kabla ya kuzigusa, fundi hukata umeme mkubwa, huondoa plagi ya usalama akiwa na glavu za mpira zilizokaguliwa, kisha husubiri chaji iliyobaki ndani ya kapasita iishe, kwa muda ambao mtengenezaji ameuandika, mara nyingi dakika 5 au 10, na ndipo hupima kwa mita kuhakikisha kwamba volti imefika sifuri. Katika dakika hizo hakuna kipuri kinachofunguliwa wala spana inayozunguka. Kijana aulize, siku ya usaili, kama dakika hizo zinalipwa, na akiona msimamizi anasitasita kujibu, atafute gereji nyingine.