Jogoo wa Mama Aingia Utawani

Mama alikuwa na nadhiri. Goti lilimsumbua mwaka mzima, akaomba masista wa ndani wamwombee, goti likanyooka. Ikabaki kulipa. Jumamosi akanipigia kutoka Kibosho: "Jogoo yuko tayari. Ukifunga duka uje umchukue, uwapelekee. Na kikapu changu kirudi!"

Masista wa ndani si hawa unaowaona zahanati na shuleni. Hawa ni Wakarmeli. Akishaingia ameingia, maisha yake ni sala, kimya na kazi za mikono nyuma ya ukuta, na ukienda kumsalimu mnaongea mkitenganishwa na nondo. Monasteri yenyewe iko nje kidogo ya Moshi. Siitaji jina, bado nahitaji kupita barabara ile.

Jogoo alikuwa mwekundu, shingo nene, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Kwenye Hiace alinidonoa mimi, akamdonoa konda, tukatozwa nauli ya watu wawili.

Mapokezi hapakuwa na mtu. Palikuwa na kengele, na ukutani kitu kama pipa la mbao lililosimamishwa wima, limekatwa upande mmoja. Unaweka mzigo, aliye ndani anazungusha, mzigo unaishia kwake bila ninyi kuonana. Nikapiga kengele. Sauti ya bibi, taratibu kabisa, ikatoka nyuma ya mbao:

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Sista, nimeleta zawadi ya mama."

"Mungu ambariki. Weka hapo, mwanangu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kikapu. Nikamtoa jogoo, nikamlaza peke yake ndani ya pipa. Na sikusema zawadi ni kitu gani. Nadhani Sista alitegemea sukari. Pipa likaanza kuzunguka polepole, na lilipofika kati, kwenye giza, nikasikia kamba ya mgomba inakatika. Ta!

Kisha mabawa. Kisha "Yesu wangu!" Kisha sufuria au beseni, sijui, likaanguka, na ndala zikakimbilia kule, zikarudi huku.

Mara kengele ya Masifu ya Jioni. Nikaingia kanisani upande wa watu wa nje, nikapiga magoti kama mtu asiyehusika. Masista wanaimba zaburi kwa kupokezana, na katikati ya kila mstari wananyamaza kidogo, pumzi moja hivi. Jogoo akaupenda ule mwanya. Alipowika mara ya tatu, mzee aliyekaa mbele yangu akageuka, akanitazama kana kwamba mimi ndiye Petro. "Atukuzwe Baba" ilianzwa na sauti nyingi, ikamalizwa na mbili. Wengine walikuwa wanakohoa, kile kikohozi cha mtu anayeuma kitambaa.

Nikarudi kwenye pipa kungoja hukumu. Ukutani palikuwa na picha ya Teresa wa Mtoto Yesu. Binti huyu aliingia Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafia humo humo 1897, na mwaka 1927 Papa Pius wa XI akamfanya msimamizi wa misioni, sawa na Fransisko Ksaveri aliyesafiri mpaka Japani! Nikamwomba: wewe uliyefika mbali bila kutoka, nisaidie kumtoa mmoja tu.

"Mwanangu," sauti ikaja, imechoka kidogo, "tunashukuru sana. Ila sisi nyama hatuli. Labda mgonjwa."

"Hamli kabisa?"

"Ndivyo mama yetu Teresa wa Avila, si huyo wa pichani, alivyotaka alipoanza na wenzake kule Hispania, mwaka 1562. Na kanuni yenyewe ni ya zamani kuliko yeye. Tungekurudishia, lakini yuko juu ya mparachichi."

"Niingie nimkamate, Sista?"

"Humu mwanaume haingii hivi hivi. Labda daktari. Au fundi."

"Mimi ni fundi, Sista."

"Fundi wa nini?"

"Wa simu."

Kimya cha Kikarmeli.

"Mparachichi hauna simu, mwanangu."

Pipa likazunguka tena, likaniletea mfuko wa vipande vya pembeni, vile vinavyobaki wakishakata hostia, ile mikate myembamba ya komunyo, za parokia. Havijawekwa wakfu, usishtuke. Nilivitafuna njia nzima.

Usiku nikampigia mama, nikamsimulia mwanzo mpaka mwisho. Akanyamaza muda.

"Nyama hawali. Na mayai?"

"Mayai wanakula, mama."

"Na jogoo wangu yuko huko peke yake?"

"Juu ya mparachichi."

"Basi Jumamosi uje uchukue mitetea miwili. Uje na kikapu."

Nikatazama mezani. Palikuwa na mfuko wa hostia, umebaki nusu. Kikapu nilikiona kwa mara ya mwisho kanisani, chini ya benchi, miguuni pa yule mzee.