Kadi ya Chanjo Mlangoni mwa Shule: Adaiwe Nani?

Uganda ilishachagua upande wake. Sheria yake ya chanjo, iliyotiwa saini na Rais Yoweri Museveni mwaka 2016 na ambayo vitabuni inaitwa Sheria ya Chanjo ya 2017, inamlazimisha mzazi kumchanja mtoto wake, na anayekaidi anaweza kufungwa hadi miezi sita. Wengi walishika hilo la jela. Mimi kilichonikaa kichwani ni sharti jingine la sheria hiyo: kadi ya chanjo ionyeshwe mtoto anapoandikishwa chekechea au shule ya msingi. Jela ni ya mzazi. Mlango wa shule ni wa mtoto, na mtoto wa miaka sita hakuwahi kuulizwa kama anataka sindano au hataki.

Kila surua inapolipuka mahali, Kenya na Tanzania husikika watu wakiuliza kwa nini na sisi tusifanye hivyo. Swali hilo si la kubeza, na wanaoliuliza wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Watu kumi wasio na kinga wakikaa karibu na mgonjwa, kama tisa hivi wataondoka nao. Sasa liweke hilo ndani ya darasa la shule ya serikali, dawati la watoto wawili limekaliwa na wanne, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Ili surua ikose njia ya kupita, watoto wapatao 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe wamepata dozi zote mbili. Wakishuka hapo, hata familia iliyofanya kila kitu inaanza kuingia hatarini: yule mwenye saratani ya damu aliye katikati ya matibabu hawezi kupewa chanjo ya surua, kwa kuwa ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Kinga yake ni mwili wa jirani yake wa dawati. Mzazi wa huyo ana haki kabisa ya kuuliza uhuru wa mwenzake unaishia wapi.

Na tumeona gharama ya kutolazimisha. Mwaka 2022 surua ilianzia mkoa wa Manicaland, Zimbabwe, ikasambaa nchi nzima na kuua watoto zaidi ya 700, wengi wao wa familia za madhehebu ya Mitume yanayokataza hospitali. Wakati huo ziliripotiwa habari za akina mama waliowapeleka watoto kuchanjwa kwa siri, mume asijue, nabii asijue. Hao ndio wanaonifanya nisiikatae kabisa sheria ya lazima. Mama wa namna hiyo hahitaji kuelimishwa, amekwisha kuamua. Anachokosa ni kisingizio. Shule ikidai kadi, anaweza kurudi nyumbani na kusema, "Si mimi, ni mwalimu mkuu." Wanaharakati wa uhuru wa mzazi husahau kwamba ndani ya nyumba mzazi si mmoja, na mara nyingi anayeamua siye anayekesha na mtoto mwenye homa.

Kwingine sheria ya lazima imeonyesha matokeo. Italia mwaka 2017 ilifanya chanjo kumi kuwa za lazima, na watoto wachanjwao dhidi ya surua walipanda kutoka takribani asilimia 87 mwaka 2016 hadi zaidi ya 93 miaka miwili baadaye. Marekani, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali mwaka 1922, katika kesi iliyotoka mji wa San Antonio, kwamba mji unaweza kumzuia mtoto asiyechanjwa kuingia shule, na leo majimbo yote yana sharti hilo kwa namna moja au nyingine. Jimbo la California lilipofuta mwaka 2015 ruhusa ya kukataa chanjo kwa sababu za imani binafsi, idadi ya waliochanjwa ilipanda. Vyeti vya daktari vya kumsamehe mtoto chanjo navyo vikaongezeka zaidi ya mara tatu, hadi jimbo likalazimika kutunga sheria nyingine ya kuwabana madaktari. Anayedhani mlango wa shule unafunga kila tundu aitazame California.

Lakini California na Uganda si kitu kimoja. Marekani sheria hii inapambana na mzazi mwenye gari, mwenye bima, ambaye kliniki iko dakika kumi kutoka kwake na ambaye amesema hapana. Kwetu wa namna hiyo wapo, ila ni wachache. Walio wengi ni watoto ambao mfumo haukuwafikia, au uliwafikia nusu.

Chukua jambo dogo kama kichupa. Chanjo ya surua na rubela huja kwenye kichupa cha dozi 10. BCG, ile ya kifua kikuu inayoacha kovu mkononi, huja na dozi 20. Zote mbili ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na zikishachanganywa zinatakiwa zitumike ndani ya saa sita, zikibaki zinamwagwa. Muuguzi wa zahanati anayedaiwa hesabu ya kila dozi anajua hivyo. Wakija watoto wawili siku hiyo, anasita kufungua kichupa. Anawaambia mama zao warudi Alhamisi, siku ambayo watoto watakuwa wengi. Mama aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni, aliyeacha kibarua, huenda akarudi Alhamisi. Huenda pia asirudi. Miaka sita baadaye mwalimu anaitazama kadi: mstari wa miezi 9 una tarehe, wa miezi 18 uko mtupu. Kwenye karatasi mama huyu na mfuasi wa nabii wa Manicaland wanafanana.

Na wakati mwingine hata kichupa hakipo. Katikati ya mwaka 2025 Kenya ilikumbwa na uhaba wa chanjo ya BCG na ya matone ya polio, akina mama wakawa wanazungushwa kituo kwa kituo. Watoto waliozaliwa miezi hiyo watafikia umri wa kuanza shule mwaka 2031 hivi. Kama Kenya itakuwa na sheria ya "hakuna kadi, hakuna darasa" siku hiyo, serikali itakuwa inamdai mtoto kitu ambacho yenyewe haikuwa nacho ghalani.

Kuna pia suala la umri, na nashangaa halizungumzwi. Surua huua zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Pentavalenti, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na homa ya uti wa mgongo itokanayo na bakteria aitwaye Hib, huanza mtoto akiwa na wiki sita na humalizika wiki ya kumi na nne. Chanjo ya rota ya kuzuia kuharisha haipewi tena mtoto akishapita miaka miwili. Maana yake ni kwamba mtoto akifika darasa la kwanza, hatari kubwa ameshaivuka au imeshamwondoa. Mlango wa shule unamkagua aliyepona. Faida yake inabaki kwenye dozi ya pili ya surua iliyorukwa, kwenye kuwakinga wenzake, na kwenye woga unaoweza kumtia mzazi mapema: akijua kadi itadaiwa, ataitunza na kuifuatilia tangu mwanzo. Huo woga una thamani. Sidhani lakini kama una thamani ya mtoto kukaa nyumbani.

Tena si kila chanjo inabeba hoja ya "unawaambukiza wenzako". Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, inatoka kwenye udongo na msumari. Kirusi cha HPV kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi hakiambukizwi kwa kukaa dawati moja. Hizi ni chanjo nzuri na nitamshauri kila mzazi azipate, lakini kumfungia mtoto darasa kwa sababu yake kunahitaji hoja nyingine kabisa, hoja ya kwamba serikali inamlinda mtoto dhidi ya mzazi wake. Inawezekana ikawa hoja halali. Isipitishwe tu kimyakimya chini ya kivuli cha surua.

Nao wakaidi wenyewe? Wakati sheria ya Uganda inatiwa saini, wizara ya afya ilikuwa ikizungumzia kundi la kidini linalojulikana kama 666, ambalo baadhi ya wafuasi wake walifikishwa mahakamani kwa kukataa chanjo. Watu hao waliripotiwa kukataa hospitali na hata kuhesabiwa kwenye sensa. Mzazi anayejificha karani wa sensa atatishwa na mwalimu mkuu? Kwa familia kama hiyo, kufungiwa mlango wa shule kunaweza kuwa ruhusa aliyokuwa akiitafuta. Binti anabaki nyumbani, bila chanjo na bila darasa, na sasa baba ana barua ya serikali ya kuthibitisha kwamba si yeye aliyemzuia.

Halafu kuna wale wenye shaka tu, na hao wasichanganywe na wakaidi. Mwaka 2014 maaskofu Katoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Mwaka uliofuata maaskofu hao waliwataka waumini wasusie kampeni ya polio mpaka chanjo ipimwe. Naamini walikosea. Lakini angalia mazingira: shule nyingi za serikali nchini Kenya zina kanisa kama mfadhili, na zahanati nyingi za vijijini ni za kanisa hilohilo. Sheria ingemtaka mwalimu mkuu wa shule hizo amrudishe nyumbani mtoto ambaye mzazi wake amemtii askofu. Na kijiweni watu wangeuliza swali lilelile tulilolisikia wakati wa Uviko: kama ni nzuri, mbona mnalazimisha?

Ukiisoma ile sheria ya Italia hadi mwisho, utakuta jambo ambalo wanaoitaja kama mfano huliruka. Asiyechanjwa huzuiwa kuingia shule za watoto wadogo, wale wa chini ya miaka sita. Kuanzia miaka sita hadi kumi na sita, pale elimu inapokuwa ya lazima, mtoto anaingia darasani kama kawaida na mzazi ndiye anayetozwa faini ya euro 100 hadi 500. Ujerumani ilipotunga sheria yake ya surua, iliyoanza Machi 2020, ilifuata mantiki hiyohiyo: mtoto wa umri wa shule haondolewi darasani, mzazi anaweza kutozwa hadi euro 2,500. Hizi ni nchi zenye zahanati kila kona na umeme usiokatika kwenye jokofu la chanjo, na bado zilisita kumgusa mtoto. Sisi tuna sababu zaidi ya kusita. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya inampa mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na palepale inampa haki ya huduma za afya. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 8, inaitaja chanjo kwa jina na elimu kwenye orodha hiyohiyo ya wajibu wa mzazi. Kusema "hakuna kadi, hakuna darasa" ni kuiweka haki moja ya mtoto rehani kwa ajili ya nyingine.

Kwa hiyo mimi nasema kadi idaiwe, na idaiwe kwa kila mtoto, ila jibu la kadi yenye mstari mtupu liwe sindano. Uwezo tunao. Tanzania mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016 zilichanja surua na rubela kwa watoto wote wa kuanzia miezi 9 hadi chini ya miaka 15, na shule zilikuwa vituo vikubwa vya kazi hiyo. Chanjo ya HPV kwa wasichana imekuwa ikitolewa shuleni Tanzania tangu 2018. Wauguzi wanajua njia ya kufika shuleni. Kinachohitajika ni mwalimu wa darasa la kwanza kuandika majina ya wasio na dozi, orodha ifike zahanati ya jirani kabla Februari haijaisha, na muuguzi aje na sanduku lake la baridi. Kadi iliyopotea au iliyoloa mvua isiwe kesi: dozi ya ziada ya surua haimdhuru mtoto mzima wa afya. Hata watoto wa Kikongo walioko kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Uganda, ambao kadi zao zilibaki kwenye nyumba zilizochomwa, wataingia kwenye orodha hiyohiyo bila maswali.

Wataniambia sheria isiyo na meno haitafuatwa. Meno nitayaweka sehemu mbili. Kwenye chekechea na vituo vya kulelea watoto niko tayari kukubali sharti kali la Italia, kwa sababu huko ndiko waliko wenye umri wa kufa kwa surua. Na mlipuko ukiingia shuleni, asiyechanjwa na ambaye mzazi amekataa achanjwe akae nyumbani mpaka siku za hatari zipite, wiki tatu hivi tangu mgonjwa wa mwisho. Hiyo ni karantini, ina mwanzo na mwisho, na kila mzazi anaielewa. Mzazi anayekataa baada ya muuguzi kumfuata hadi shuleni aitwe na mtendaji wa kijiji au chifu, na ikibidi atozwe faini, yeye mwenyewe. Kabla ya hapo wizara imruhusu muuguzi kufungua kichupa kwa mtoto mmoja bila kuulizwa dozi tisa zimekwenda wapi.